Kupima DNA kwa Makundi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtafiti au mwanafunzi aliyepewa maktaba ya DNA na jeni moja ya kutafuta, akatakiwa aipate bila kumaliza kemikali zote za maabara. Mfano mmoja unatumika karibu kote: maktaba ya mpunga yenye sahani 48, kila sahani ikiwa na vishimo 384, yaani kloni 18,432 kwa jumla. Jibu likihitaji jambo lililokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Misingi

1. Kupima kwa makundi ni nini, na kulianzia wapi?

Ni kuchanganya sehemu ndogo ya sampuli kadhaa na kuupima mchanganyiko huo mara moja. Ukitoa jibu hasi, sampuli zote zilizomo zimeondolewa kwa kipimo kimoja. Ukitoa jibu chanya, tunajua kwamba angalau sampuli moja kati ya hizo ndiyo tunayoitafuta, na kazi inayobaki ni kuitambua.

Wazo hili liliwekwa kwenye hesabu na Robert Dorfman mwaka 1943, alipokuwa akichunguza namna ya kupima kaswende miongoni mwa vijana walioandikishwa jeshini nchini Marekani. Hesabu yake inarudiwa kwa urahisi. Ikiwa mtu 1 kati ya 100 ana ugonjwa, kundi lenye manufaa zaidi ni la watu 11, na kwa watu 1,000 vitahitajika kwa wastani vipimo 196 hivi badala ya 1,000, ikiwa ni pamoja na kuwarudia mmoja mmoja wale ambao makundi yao yalikuwa chanya.

2. Maktaba ya DNA ni nini, na kwa nini kloni zake zisipimwe moja moja?

Jenomu ya kiumbe, yaani DNA yake yote, hukatwa vipande, na kila kipande huingizwa ndani ya bakteria au hamira, ambayo hukizalisha kila inapogawanyika. Ukoo mmoja wa bakteria wenye kipande kimoja ndio unaoitwa kloni. Katika maktaba za aina ya BAC (kromosomu bandia za bakteria), kipande hicho mara nyingi kina urefu wa herufi 100,000 hadi 200,000 za DNA. Kloni hutunzwa kwenye friza, kila moja katika kishimo chake, na anwani yake ni namba ya sahani, mlalo na wima.

Kupima kloni 18,432 moja moja kwa ajili ya jeni moja ni kujaza sahani 48 za vishimo 384 kwa PCR, yaani kipimo kinachonakili kipande cha DNA kinachotafutwa mpaka kionekane. Mtu mvumilivu anaweza kufanya hivyo mara moja. Hata hivyo, ramani ya jenomu haijengwi kwa alama moja, yaani kipande kimoja kifupi cha DNA kinachotambulika. Ramani ya jenomu ya binadamu iliyochapishwa mwaka 1995 ilitumia alama 15,086. Tuchukue tu alama 15,000 na maktaba ya kloni 25,000, na jozi za kupima zinafika milioni 375. Hakuna maabara inayofanya kazi hiyo kwa kloni moja moja.

3. Makundi ya sahani, mlalo na wima yanafanyaje kazi?

Sahani ya vishimo 384 ina milalo 16, kuanzia A hadi P, na wima 24. Kila kloni inaingizwa katika makundi matatu: kundi la sahani yake, kundi la mlalo wake kutoka sahani zote, na kundi la wima yake kutoka sahani zote. Jumla ni 48 + 16 + 24, yaani makundi 88. Idadi hiyo inatosha kwenye sahani moja ya PCR yenye vishimo 96, na vishimo vinane vinabaki kwa ajili ya vidhibiti, yaani vipimo vya kuhakiki ambavyo jibu lake linajulikana mapema. Binafsi napenda sana mpangilio huu kwa sababu hiyo: asubuhi moja, sahani moja, na vidhibiti vimepata nafasi bila kubanana.

Ikiwa jeni iko kwenye kloni moja tu, yatawaka makundi matatu, yaani yatatoa jibu chanya. Tuseme sahani 17, mlalo C na wima 9. Basi kloni yako ni 17-C9, na unaweza kuifuata kwenye friza.

## Kuchagua mpango

4. Nina kloni mbili tu zenye jeni. Mbona nimepata anwani nane?

Kwa sababu makundi hayasemi ni sahani ipi inakwenda na mlalo upi. Chukulia kloni za kweli ni 5-C7 na 31-K19. Zitawaka sahani 5 na 31, milalo C na K, wima 7 na 19. Mchanganyiko wa mbili mara mbili mara mbili unatoa anwani nane, na sita kati yake ni za uongo ingawa hakuna kipimo hata kimoja kilichokosea.

Tiba ya haraka ni kuzitoa kloni zote nane na kuzipima moja moja. Vipimo 88 na vinane ni 96, bado ni kazi ndogo. Tiba ya kudumu ni kutengeneza seti ya pili ya makundi ambamo sahani na vishimo vimepangwa upya, ili kloni zilizokutana katika seti ya kwanza zisikutane tena katika ya pili. Anwani za uongo za seti moja huondolewa na seti nyingine. Swali la 7 linaeleza kanuni iliyo nyuma ya jambo hili.

5. Kwa nini nisigawe maktaba nusu kwa nusu mpaka nifikie kloni yenyewe?

Kwa idadi ya vipimo, njia hiyo ni bora kuliko zote. Kwa kloni 18,432, kila kloni chanya inafikiwa kwa vipimo visivyozidi 15. Kwa kloni mbili, kuna jozi zipatazo milioni 170 zinazowezekana, na kwa kuwa kila kipimo kinatoa jibu la ndiyo au hapana tu, hakuna mpango wowote unaoweza kuhakikisha jibu kwa vipimo pungufu ya 28. Kugawa nusu kwa nusu kunakaribia sana kikomo hicho.

Tatizo ni kwamba kila hatua inasubiri jibu la hatua iliyotangulia, na kila hatua inadai mchanganyiko mpya utengenezwe kwa mkono. PCR moja huchukua saa moja au mbili, ukiongeza kusoma matokeo na kuchanganya upya, siku inaisha kwa hatua tatu au nne. Halafu ukitaka jeni nyingine, unaanza mwanzo. Makundi 88 yaliyotengenezwa mara moja hutumika kwa jeni ya kwanza, ya mia na ya elfu, na yote yanapimwa kwa pamoja. Kwa maktaba inayotumika miaka mingi, gharama kubwa ni kutengeneza makundi, na ndiyo maana mipango isiyosubiri jibu imetawala kazi hii.

6. Maktaba yangu inafunika jenomu mara saba. Je, makundi 88 yanatosha?

Hayatoshi, na hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi. Jenomu ya mpunga ina herufi milioni 400 hivi. Kloni 18,432 zenye vipande vya herufi 150,000 zina jumla ya herufi bilioni 2.8, yaani kila jeni iliyomo mara moja katika jenomu inatarajiwa kuonekana kwenye kloni saba hivi. Zikiwaka sahani saba, milalo saba na wima saba, anwani zinazowezekana ni 343.

Njia ya kutoka ni kuigawa maktaba katika makundi makuu. Sahani nane kwa kila kundi kuu hutoa makundi makuu sita, kila moja likiwa na kloni 3,072, na kila moja likifunika jenomu mara moja na kidogo. Hapo wastani wa kloni chanya kwa kundi kuu ni moja hivi: takriban theluthi moja ya makundi makuu hayatakuwa na kitu, theluthi moja na ziada yatakuwa na kloni moja iliyo rahisi kusoma, na yaliyobaki yatakuwa na mbili au zaidi. Ndani ya kila kundi kuu kuna makundi 8 + 16 + 24, yaani 48. Unapima kwanza makundi makuu sita, kisha unafungua mawili yaliyo chanya. Vipimo ni 6 na 96, jumla 102, na kwa kawaida vinakupa kloni moja au mbili za uhakika. Anayetaka zote saba atafungua yote yaliyowaka.

Kabla ya kuchagua mpango wowote, basi, piga hesabu ya kloni chanya unazotarajia. Idadi hiyo ndiyo inayoamua umbo la mpango kuliko ukubwa wa maktaba wenyewe.

7. Wanahisabati wanataka kloni "isifunikwe" na nyingine. Wanamaanisha nini?

Andika jedwali ambalo kila mstari ni kundi na kila safu ni kloni, ukiweka 1 pale kloni inapoingia kundini. Kloni hasi "inafunikwa" pale ambapo kila kundi ililomo lina angalau kloni moja chanya. Basi inaonekana chanya bila kosa lake. Jedwali linalohimili kloni chanya d ni lile ambalo hakuna safu inayoweza kufunikwa na safu nyingine zozote d zikiunganishwa. Katika jedwali kama hilo kusoma matokeo ni rahisi mno: futa kila kloni iliyomo katika kundi hasi, na zinazobaki ndizo zenyewe. Kautz na Singleton walionyesha mwaka 1964 namna ya kuyajenga majedwali haya kwa kutumia nadharia ya misimbo, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuwa na maktaba ya BAC.

Mpango wa sahani, mlalo na wima haufikii sharti hili hata kwa d = 2. Kloni 5-C19, katika mfano wa swali la 4, inafunikwa kabisa na kloni mbili za kweli.

8. Namba tasa zinaingiaje katika kuchanganya bakteria?

Zinahakikisha kwamba kloni mbili hazikutani mara nyingi. Chukua kloni 121 na namba tasa 11. Kila kloni ina jozi yake ya namba (a, b), kila moja kuanzia 0 hadi 10. Tengeneza matabaka kadhaa, kila tabaka likiwa na makundi 11; katika tabaka la x, kloni inaingia kundi la a + bx, ukichukua baki baada ya kugawa kwa 11. Kloni (3, 4) inaingia kundi la 3 katika tabaka la 0, kundi la 7 katika tabaka la 1, na kundi la 0 katika tabaka la 2, kwa kuwa 11 haina baki. Kloni mbili tofauti haziwezi kukutana zaidi ya mara moja katika matabaka yote, kama vile mistari miwili iliyonyooka isivyokatana mara mbili. Matabaka matatu, yaani makundi 33, yanatosha kuhimili kloni mbili chanya, kwa sababu kloni hasi ina makundi matatu na kila kloni chanya inaweza kuharibu moja tu.

Njia nyingine hutumia Nadharia ya Baki ya Kichina. Zipe kloni namba za mfululizo, kisha gawa namba hizo kwa 17, 19 na 23. Kloni namba 2,500 ina baki 1, 11 na 16, basi inaingia makundi hayo matatu kati ya makundi 59. Mpango wa jamii hii ulichapishwa mwaka 2009 kwa jina la "DNA Sudoku", ukiunganisha makundi na mashine za kusoma DNA kwa wingi. Uzuri wake ni kwamba roboti ya pipeti inaupenda: kuchanganya ni kusogea hatua ileile tena na tena.

## Makosa na namna ya kuyahimili

9. Kipimo kimoja kikikosea, je, kila kitu kinaharibika?

Katika mpango usio na ziada, ndiyo. PCR moja iliyoshindwa katika kundi la mlalo C inaifuta kloni ya kweli, nawe hutajua kamwe kwamba ulikuwa nayo. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoshindania makundi machache: mpango unaookoa vipimo kumi na kukuacha bila dalili ya kosa umekugharimu zaidi.

Ziada hujengwa kwa kuongeza matabaka. Tumia namba tasa 31 na polinomia za daraja la pili, yaani a + bx + cx² badala ya a + bx ya swali la 8, na unapata nafasi ya kloni 29,791 ambazo zozote mbili hukutana mara mbili tu kwa wingi. Weka matabaka saba, yaani makundi 217, kila moja likiwa na kloni 961. Kukiwa na kloni mbili chanya, kila kloni hasi inaharibiwa makundi manne kwa wingi, hivyo inabaki na makundi hasi matatu au zaidi. Sasa kipimo kimoja kikikosea, kloni ya kweli itakuwa na kundi hasi moja kwa wingi, na kloni ya uongo itakuwa bado na mawili au zaidi. Kanuni ya kusoma inakuwa: kubali kloni ambayo makundi yake hasi hayazidi moja. Kosa moja, la chanya au la hasi, haliwezi kukudanganya.

10. Je, DNA ya kloni moja haipotei ndani ya kundi la mamia?

Kwa maktaba ya bakteria, mara chache. Katika mpango wa swali la 3, kundi la sahani lina kloni 384, la wima 768 na la mlalo 1,152. Nanogramu 1 ya DNA ya kundi la mlalo ina nakala zipatazo 200,000 za jenomu ya bakteria, na hata zikigawanywa kwa 1,152 zinabaki nakala 170 hivi za kloni yako. PCR iliyorekebishwa vizuri inaziona. Hatari kubwa zaidi ni kloni zilizokua kwa kusuasua: kishimo ambacho bakteria hawakuota vizuri kinachangia kidogo kuliko jirani zake katika makundi yote matatu. Kwa hiyo otesha kwanza, kagua vishimo kwa macho chini ya mwanga, na ndipo uchanganye.

11. Makundi yangu yote yamekuwa chanya. Nifanye nini?

Angalia vidhibiti kwanza. Kishimo cha maji kikiwa chanya, kemikali zimechafuka. Maji yakiwa safi lakini bakteria wasio na kipande chochote wakatoa jibu chanya, praima zako (vipande vifupi vya DNA vinavyoielekeza PCR mahali pa kunakili) zinashika jenomu ya bakteria mwenyewe, na hapana budi kuzibadilisha. Vyote viwili vikiwa safi, huenda jeni yako ina ndugu wengi katika jenomu na praima zinawashika wote. Zitengeneze upya kwenye sehemu ya mwisho wa jeni isiyotafsiriwa kuwa protini, ambako ndugu hao hutofautiana zaidi.

12. Anwani imepatikana bila utata, lakini kloni niliyoitoa haina jeni. Imekwenda wapi?

Mara nyingi iko kwenye sahani ileile. Katika maabara moja tulihangaika wiki nzima na anwani ya C7 iliyokuwa ikirudi hasi kila tulipoipima, mpaka mwenzetu mmoja alipoona kwamba kona iliyokatwa ya sahani ilikuwa upande usio wake. Sahani ilikuwa imegeuzwa nusu duara wakati wa kunakiliwa, hivyo A1 ilikuwa P24, na C7 yetu ilikuwa imekaa kwenye N18. Tulipoipima N18, ilitoa jibu chanya mara moja. Tangu hapo ninashauri kila sahani iwe na kishimo kimoja kilichoachwa wazi kwa makusudi, mahali pasipo katikati, ili sahani iliyogeuzwa ijulikane kwa kuitazama tu.

## Mipaka ya njia hii

13. Ni lini makundi hayana faida?

Pale kinachotafutwa kinapokuwa cha kawaida. Kwa njia ya Dorfman, sampuli chanya zikiwa asilimia 5 unatumia vipimo 43 hivi kwa kila sampuli 100; zikiwa asilimia 10, vipimo 59; zikiwa asilimia 20, vipimo 82; na zikipita asilimia 30 kidogo, afadhali upime moja moja. Kwa hiyo katika maeneo ambako wabebaji wa jeni ya selimundu ni wengi, kama Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, kuchanganya damu za watoto ili kuwatafuta wabebaji hakuokoi kitu cha maana.

14. Naweza kuchanganya DNA za mimea au watu wanaobeba nakala mbili za kila jeni?

Unaweza, lakini makundi yawe madogo zaidi. Katika kutafuta mabadiliko ya jeni kwenye mimea iliyotibiwa kwa kemikali, ni desturi kuchanganya mimea minane, ambapo mmea mmoja wenye badiliko kwenye nakala moja unachangia nakala 1 kati ya 16. Kwa watu 100 ingekuwa 1 kati ya 200, yaani asilimia 0.5, kiwango ambacho makosa ya kawaida ya mashine za kusoma DNA yanaweza kukimeza. Na kwa binadamu kuna sharti linalotangulia hesabu zote: ridhaa ya mwenye sampuli lazima itaje kwamba mpango wa makundi unaweza kumtambua yeye binafsi.

15. Je, mipango hii imewahi kutumika katika ukanda wetu?

Ndiyo, nchini Rwanda wakati wa UVIKO-19. Watafiti walioko Kigali na wenzao wa nje walibuni mpango ambamo sampuli hupangwa kama vishimo vya mchemraba wenye pande nyingi, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021. Sampuli 81, kwa mfano, ni 3 mara 3 mara 3 mara 3: unapima kwanza mchanganyiko wa zote, na ukiwa chanya unapima vipande 12, vitatu kwa kila upande, kila kimoja kikiwa na sampuli 27. Mgonjwa mmoja atawasha vipande vinne, kimoja kwa kila upande, na anwani yake inajulikana papo hapo. Ni ndugu wa karibu wa mpango wa swali la 3.

16. Kusoma DNA kumekuwa rahisi. Makundi bado yana kazi?

Yana kazi, ila yamehama. Zamani kundi lilijibu ndiyo au hapana. Leo kundi zima husomwa herufi kwa herufi, na mpango wa makundi ndio unaosema kila kipande kimetoka kloni ipi. Maelfu ya kloni za shayiri yalisomwa kwa njia hii. Hesabu za swali la 7 na la 9 hazikubadilika hata kidogo.

17. Nikishapata kloni, nimeshatambua jeni?

Bado. Kloni ya herufi 150,000 inaweza kubeba jeni nyingi, na makundi yamekuonyesha tu mahali alama yako ilipo. Chukua Xa21, jeni inayoukinga mpunga dhidi ya mnyauko wa bakteria, iliyotoka kwenye mpunga pori wa Afrika uitwao Oryza longistaminata. Maktaba ya BAC iliwapa watafiti kloni za eneo lenyewe, lakini ndani yake walikuta familia ya jeni zinazofanana. Jibu lilipatikana mwaka 1995, walipoingiza jeni moja katika mpunga usio na kinga: mimea 50 iliyoipokea ilionyesha ukinzani mkubwa dhidi ya ugonjwa huo.